Kuandaa mdahalo wa wagombea urais kwenye runinga: yanayoharibika na sababu zake

Mtazamaji wa nyumbani huona watu wawili wanaouliza na wengine wanaojibu. Aliyeketi chumba cha mitambo huona saa, nyaya, orodha ya majina na karatasi ya kanuni iliyotiwa saini wiki kadhaa nyuma. Mdahalo ukivurugika hewani, mara nyingi chanzo ni siku za mwanzo za maandalizi, pale mtu alipoacha kanuni moja bila kuiandika akitumaini kwamba wakati ukifika mtaelewana. Hamtaelewana. Kambi mbili zinazotafuta Ikulu hazielewani kuhusu jambo lolote saa 12 jioni ya siku ya mdahalo.

Cha kwanza ni hesabu ya muda, maana ndiyo husahaulika kabla ya mengine yote. Tarehe 11 Februari 2013, katika shule ya Brookhouse jijini Nairobi, wagombea wote 8 wa urais wa Kenya walisimama jukwaa moja: Uhuru Kenyatta, Raila Odinga, Musalia Mudavadi, Martha Karua, Peter Kenneth, James ole Kiyiapi, Paul Muite na Mohammed Abduba Dida. Ulikuwa mdahalo wa kwanza wa urais nchini humo. Ulirushwa na vituo 8 vya runinga na redio 34, na ulipita saa 3. Wengi walilalamikia urefu wake, lakini ukishika kalamu utaona kwa nini haungeweza kuwa mfupi.

Chukua dakika 120 na wagombea 8. Utangulizi wa dakika 1 kwa kila mmoja ni dakika 8. Maneno ya mwisho ni dakika 8 nyingine. Matangazo ya biashara, dakika 10. Zimebaki 94. Swali moja likijibiwa na wote kwa sekunde 90 kila mtu, hizo ni dakika 12. Nafasi ya kujibizana, sekunde 30 kwa kila mmoja, dakika 4. Msimamizi kusoma swali na kuwaita kwa majina, dakika 1 na kitu. Swali moja limekula dakika 17. Kwa hiyo unapata maswali 5, na hapo umechukulia kwamba hakuna aliyepitiliza wala aliyemkatiza mwenzake, na ukumbi haukupiga makofi. Maswali matano kwa nchi yenye migogoro ya ardhi, ukosefu wa ajira, usalama, hospitali na ufisadi! Mwaka 2013 kulikuwa na midahalo miwili, na suala la ardhi likasubiri ule wa pili wa tarehe 25 Februari.

Wakiwa wagombea 2 hesabu inageuka kabisa. Sekunde 90 mara mbili, majibizano ya sekunde 45 mara mbili, na sekunde 30 za swali: dakika 5. Katika dakika 90, ukitoa 4 za utangulizi na hitimisho, karatasi inakupa maswali 17. Usiiamini karatasi. Andaa 12, ukijua kwamba 2 au 3 huenda yasiulizwe, na uyapange ili yale mazito yasiwe mkiani. Mwandaaji anayeacha ufisadi uwe swali la mwisho ameamua, atake asitake, kwamba utajibiwa kwa sekunde 40.

Kwa jukwaa lenye watu wengi ipo njia ya kuokoa muda: si lazima kila mtu ajibu kila swali. Gawanya 8 katika makundi mawili ya 4. Kundi moja linajibu kikamilifu, jingine linapata nafasi fupi ya kupinga, halafu wanabadilishana. Hatari yake ni malalamiko kwamba fulani alipewa swali la kaa la moto na mwenzake akapewa la mteremko. Kinga ni kuchagua makundi kwa kura ya karatasi mbele ya mawakala wa kambi zote, na kuhakikisha mawakala hao hawajui ni swali gani litaangukia duru ipi.

Baada ya hesabu linakuja swali la nani aalikwe, na hapa ndipo wanasheria huingia. Mwaka 2013 Muite alikwenda mahakamani kudai nafasi yake, na dakika za mwisho yeye na Dida wakaongezwa jukwaani. Mwaka 2017 waandaaji waliwagawa wagombea kwa kura za maoni: waliofikisha asilimia 5 wakawekwa kwenye mdahalo mkuu, waliobaki kwenye wa mapema zaidi jioni ileile. Mwaka 2022 utaratibu wa makundi mawili ukarudi, na George Wajackoyah akakataa kushiriki lile la chini, akitaka kusimama na wakubwa. David Mwaure akabaki peke yake katika kipindi hicho.

Kigezo cha asilimia hakina ubaya ukikiandika vizuri. Andika mambo manne: ni kampuni zipi za kura za maoni zitatumika, ni tafiti ngapi zitapigiwa wastani, tarehe ya mwisho ya kuhesabu, na namna ya kumshughulikia mtu aliye ndani ya kosa la takwimu. Mgombea mwenye asilimia 4 katika utafiti wenye kosa la asilimia 2 juu na chini hawezi kuambiwa kwa uhakika kwamba hajafika 5, na hakimu yeyote ataliona hilo. Kitangaze kigezo kabla ya tafiti zenyewe kutoka. Ukikitangaza baadaye utaonekana umeshona nguo kwa vipimo vya mtu.

Halafu, hata kama una hakika na kigezo chako, fundi wa jukwaa atengeneze mimbari 2 za ziada na nyaya zake zilazwe sakafuni tangu jana yake. Amri ya mahakama inaweza kutoka saa 9 alasiri. Kuongeza mimbari ni kazi ya dakika 10. Kuongeza kipaza sauti, taa, kamera na saa ya mgombea ambaye hakuwa kwenye mpango ni kazi ya saa 3, na hizo hutakuwa nazo.

Sauti ndiyo kitu ambacho hakisamehewi. Picha ikififia watu husubiri. Sauti ikikatika mdahalo umekufa. Tarehe 23 Septemba 1976 mjini Philadelphia, Gerald Ford na Jimmy Carter walisimama kimya kwenye mimbari zao kwa dakika 27, Marekani nzima ikiwatazama, kwa sababu kifaa kidogo ndani ya amplifaya, yaani kikuza sauti, kiliharibika na sauti ya matangazo ikapotea. Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo. Kubwa zaidi ni kwamba hapakuwa na njia ya pili ya kupitisha sauti.

Kila mgombea, basi, awe na vipaza sauti viwili vinavyopita njia mbili tofauti: kimoja cha waya kwenye mimbari, kingine kidogo kisicho na waya, cha kubana kwenye nguo. Wagombea 8 ni njia 16. Wasimamizi 2, njia 4. Maikrofoni za wananchi ukumbini, 2. Jumla 22, kwa hiyo mixa (mashine ya kuchanganya sauti) ya njia 32 inatosha na inabaki nafasi. Kipaza cha waya ndicho kiwe kikuu, ingawa mafundi vijana hupenda kile kisicho na waya kwa sababu sauti yake haibadiliki mgombea anapogeuka. Tatizo ni kwamba ukumbi ule una simu mamia, redio za walinzi, kamera za vituo vingine, na pengine msafara wa kiongozi wenye vifaa vya kuvuruga mawimbi. Kipaza kisicho na waya kinaweza kufanya kazi vizuri mchana kutwa, kisha kikaanza kukwaruza dakika mgombea anaposhuka garini. Betri ziwekwe mpya saa moja kabla ya hewani, hata kama zilizopo zinaonyesha zimejaa, na zibadilishwe tena wakati wa mapumziko.

Kile cha nguo kina adabu yake. Suti ya mwanamume ina ukosi wa kubania na mkanda wa kuning'iniza kisanduku. Gauni la kitenge huenda halina kimojawapo, na mkufu au bangili nzito hugonga kipaza na kutoa mlio kila anaponyoosha mkono. Mwaka 2013 Karua alikuwa mwanamke pekee kati ya 8. Kambi ya mgombea mwanamke iulizwe siku 2 kabla atavaa nini, na anayembana kipaza awe fundi mwanamke, chumbani, mlango umefungwa. Usisubiri kufanya hivyo jukwaani huku wapiga picha wakitazama.

Kuhusu kuzima vipaza. Baada ya mdahalo wa Cleveland wa tarehe 29 Septemba 2020, ambapo Donald Trump na Joe Biden hawakuachana kukatizana, mdahalo uliofuata huko Nashville ulizima kipaza cha asiye na zamu katika dakika 2 za jibu la kwanza. Mwaka 2024 kule Atlanta vipaza vilizimwa kwa kila asiye na zamu, na ukumbi haukuwa na watazamaji. Njia hiyo inafanya kazi, ila ina athari moja ambayo kanuni nyingi hazitaji: aliyezimiwa anaendelea kusema, mwenzake aliye mita 2 pembeni anamsikia, mtazamaji wa nyumbani hamsikii. Anayejibu anapoteza mwelekeo na kuonekana amechanganyikiwa bila sababu. Ukiamua kuzima, weka umbali wa mita 3 kati ya mimbari kama ukumbi unaruhusu, na msimamizi awe na ruhusa ya kuwaeleza watazamaji kinachoendelea: "Mgombea fulani anazungumza nje ya zamu yake, kipaza chake kimezimwa." Sentensi hiyo moja huwanyamazisha kuliko kitufe.

Na kitufe chenyewe kishikwe na nani? Asikishike msimamizi wala mhariri wa kituo chochote. Akishike fundi mmoja aliyetajwa kwenye kanuni, anayefuata saa pekee, huku wakala mmoja kutoka kila kambi ameketi nyuma yake akitazama bila kusema. Wakala akiona kwa macho yake kwamba mkono unafuata saa, asubuhi yake hatakwenda redioni kudai njama.

Saa ndiyo mamlaka ya msimamizi. Msimamizi anayesema "muda wako umekwisha" bila saa inayoonekana ni mtu mwenye maoni tu, na mgombea atabishana naye. Weka taa za rangi tatu chini ya kamera anayoitazama mgombea: kijani akianza, manjano zikibaki sekunde 30, nyekundu zikiisha. Kwa jibu la sekunde 30 manjano iwake zikibaki 10. Watunza saa wawe wawili, kila mmoja na saa yake, na wakitofautiana kwa zaidi ya sekunde 2 afuatwe yule aliyetajwa kuwa mkuu. Nyongeza ninayoipigania kila mara ni jumla ya muda wa kila mgombea kuonekana kwenye skrini, kama Wafaransa wanavyofanya katika mdahalo wao wa duru ya pili. Kambi huogopa jambo hilo mwanzoni, kisha hulipenda, kwa sababu aliyepungukiwa na dakika 2 ana ushahidi wa kudai afidiwe kabla ya mwisho.

Picha ina mtego mmoja mkubwa: picha ya anayesikiliza. Tarehe 3 Oktoba 2000 mjini Boston, Al Gore alisikika akishusha pumzi kwa kuchoshwa George W. Bush alipokuwa akiongea, na habari ya siku zilizofuata ikawa pumzi zile kuliko hoja zake. Upande wa François Mitterrand, kabla ya mdahalo wa Ufaransa wa mwaka 1981 dhidi ya Valéry Giscard d'Estaing, uliweka masharti ya upigaji picha, likiwemo la kutomwonyesha anayesikiliza. Mimi naona kupiga marufuku kabisa ni kumnyima mtazamaji haki yake. Namna mtu anavyosikiliza ni sehemu ya anavyotawala. Lakini kanuni iseme wazi: picha ya msikilizaji itatumika au haitatumika, haitazidi sekunde ngapi, na idadi iwe sawa kwa wote. Mwelekezi wa picha apewe mtu wa kuhesabu, maana yeye mwenyewe, akiwa na skrini 10 mbele yake, hawezi.

Ukubwa wa sura nao uwe sawa. Kamera zote za wagombea ziwe kimo cha macho, zikate picha katikati ya kifua, na fundi aweke alama ya utepe kwenye skrini yake ili kichwa cha kila mmoja kiguse mstari uleule. Mimbari ya sentimita 110 humfaa mtu wa kimo cha kawaida. Aliye mfupi apewe kijukwaa cha kusimamia, kilichofunikwa kwa zulia la rangi ya sakafu, na kambi yake isiulizwe hadharani. Mwanga nao: ngozi nyeusi, suti nyeusi na ukuta mweupe nyuma ni mchanganyiko unaoficha macho ya mtu, kwa sababu kamera hujirekebisha kwa ule weupe. Pazia la nyuma liwe la buluu iliyokoza au kijivu, taa ndogo itoke nyuma ya kila bega, na vipimo vya mwanga vichukuliwe usoni, si kwenye shati. Jasho linapunguzwa kwa kuupoza ukumbi mapema, nyuzi 20 au 21, kisha kushusha kasi ya viyoyozi matangazo yakianza, la sivyo mvumo wake unaingia kwenye kila kipaza. Nairobi mwezi Julai hujitunza yenyewe kwa baridi. Anayeandaa Mombasa au Dar es Salaam ajipange.

Umeme una kanuni moja: jenereta iwe inawaka na kubeba mzigo tangu saa moja kabla ya hewani. Ile ya kusubiri umeme ukatike huchukua sekunde kadhaa kushika, na sekunde hizo zinatosha kuizima mixa ya kidijitali ambayo kuwaka tena huhitaji dakika nzima au zaidi. Mixa, saa na mashine ya kuunganisha picha zikae kwenye betri za dharura zenye uwezo wa dakika 15.

Wasimamizi. Wawili wanatosha, Kenya imezoea wawili, na mwaka 2013 Linus Kaikai na Julie Gichuru walisimamia mdahalo wa kwanza, Uduak Amimo na Joe Ageyo wa pili. Wagawane kazi kwa namna ambayo mmoja akiuliza, mwenzake anasikiliza jibu na kuandika swali la kufuatilia. Wakiuliza wote, hakuna anayesikiliza. Swali lisomwe kwa sekunde 25 au pungufu, na liwe swali moja. Ukimuuliza mwanasiasa maswali matatu ndani ya moja atajibu lile jepesi na utakuwa umempa ruhusa. Linalofaa huwa na ukweli mmoja, chanzo chake, na kitenzi kinachodai kitendo: "Ripoti ya Mkaguzi Mkuu inasema fedha hizi hazijulikani zilipo, utamfungulia nani kesi, na lini?" Maswali ya "una maoni gani kuhusu" yaondolewe yote. Mgombea ana maoni ya kutosha wiki nzima.

Kwenye kisikizi cha sikioni aongee mtu mmoja tu, kwa maneno yasiyozidi matano: "sekunde thelathini," "rudi kwa Karua," "hajajibu." Wahariri wanapogombania sikio la msimamizi, utamwona usoni: macho yanahama, anasahau aliyekuwa akijibu, anarudia swali. Wakaguzi wa ukweli waketi chumba kingine na nyaraka zao tayari, hasa takwimu za mwaka huo za KNBS, shirika la takwimu la serikali ya Kenya, na hotuba za wagombea za miezi 3 iliyopita, kwa sababu mgombea harushi madai mapya jukwaani, hurudia yale ya mikutano ya hadhara. Ujumbe wao umfikie msimamizi ndani ya sekunde 90. Ukichelewa, uachwe kwa uchambuzi wa baadaye. Na msimamizi asitamke kwamba mtu amedanganya. Asome chanzo na namba, kisha aulize tofauti imetoka wapi.

Heshima nazo zina gharama. "Mheshimiwa Daktari" likitamkwa kila mara kwa watu 8, jioni nzima imepoteza dakika kadhaa, na asiye na udaktari anaonekana mdogo. Kubalianeni mapema: Bwana au Bi pamoja na jina moja la mwisho, kwa wote, hata kwa rais aliye madarakani. Jina litajwe kila zamu inapobadilika. Mtazamaji wa runinga halihitaji, ila wasikilizaji wa redio hawaoni anayesimama wapi, na sauti za wanaume saba zinafanana kwenye redio ndogo ya betri. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote katika midahalo yetu, na halina gharama kulirekebisha.

Lugha je? Mdahalo wa 2013 ulifanywa kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa, katika nchi ambayo Katiba yake ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Redio za lugha za jamii hulazimika kutafsiri papo kwa papo, na mkalimani mmoja hawezi kubeba sauti 8 kwa saa 2. Wawe wawili wanaopokezana kila dakika 20, mwanamke na mwanamume ikiwezekana, na wapewe orodha ya majina, vifupisho na miradi siku 3 kabla. Walio wa lugha ya ishara vilevile wapokezane, na kisanduku chao kisipungue moja ya sita ya skrini. Kidogo kuliko hapo vidole havisomeki. Ukiamua sehemu moja iwe kwa Kiswahili, ongeza sekunde 15 kwa kila jibu, kwa kuwa tarakimu za bajeti zikitamkwa kwa Kiswahili ni ndefu, na ukihesabu muda uleule umemwadhibu anayetaja namba. Barua za mwaliko nazo ziandike saa kwa njia zote mbili, 19:00 na saa 1:00 usiku.

Sasa tuje kwa asiyekuja. Hili haliwezi kuitwa ajali tena katika ukanda huu. Tanzania ilipata mdahalo wake mwaka 1995, Benjamin Mkapa, Augustine Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo wakiwa pamoja, na tangu hapo wagombea wa chama tawala wameukwepa. Uganda, Januari 2016, Yoweri Museveni hakuja kwenye mdahalo wa kwanza, kisha Februari akaja kwenye wa pili. Kenya, tarehe 24 Julai 2017 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Uhuru hakufika na Raila akahojiwa peke yake. Tarehe 26 Julai 2022, mahali palepale, Raila ndiye aliyekataa kuja na William Ruto akabaki peke yake kwa dakika 90. Wiki moja kabla, wagombea wenza Martha Karua na Rigathi Gachagua walikuwa wamekuja wote wawili, na mdahalo ule ukaenda kama ulivyopangwa.

Hesabu ya anayekwepa ni ya kawaida: anayejiona anaongoza hapati kitu cha maana kwa kuja na anaweza kupoteza mengi, na nchini Kenya hakuna sheria inayomlazimisha. Mwandaaji hawezi kumlazimisha. Anachoweza ni kufanya kutokuja kuwe na utaratibu unaojulikana. Kanuni iseme atasubiriwa dakika ngapi (15 zinatosha), mimbari yake itabaki au itaondolewa, na jina lake litatajwa mara ngapi. Ushauri wangu: ionekane kwenye picha pana ya mwanzo, msimamizi aeleze kwa sentensi moja kwamba alialikwa na sababu aliyotoa, kisha iondolewe kwenye mapumziko ya kwanza. Kuirudia kila dakika 10 ni kumfanyia kampeni aliyepo. Kuiondoa kabla ya kuanza nako ni kosa: mwaka 2013 kambi ya Uhuru ilitangaza kwamba haendi kwenye mdahalo wa pili, ikilalamikia wa kwanza, na mwishowe akaja.

Aliyebaki peke yake anahitaji kipindi tofauti kabisa. Usimwachie muundo wa sekunde 90, maana bila mpinzani kila jibu linakuwa hotuba. Andaa seti ya pili ya maswali tangu mwanzo, angalau 30, mafupi, yakiambatana na nyaraka. Mmoja wa wasimamizi achukue hoja za asiyekuja kama zilivyo kwenye ilani yake na kuziwasilisha kwa uaminifu, akisema ni za nani. Jibu liwe la dakika 1, kisha maswali ya kufuatilia mawili hata matatu. Mgombea atachoka kufikia dakika ya 50, na wasimamizi pia, kwa hiyo mapumziko yawekwe hapo na si dakika ya 30 kama ilivyokuwa kwenye mpango wa watu wawili. Kambi yake ielezwe wiki moja kabla kwamba mambo yatakuwa hivyo mpinzani asipofika; wengine wakisikia hivyo hushawishika kumsihi mpinzani aje.

Picha ya kila kamera irekodiwe peke yake, bila nembo wala maandishi, na sauti ya kila kipaza kwenye njia yake. Malalamiko hufika asubuhi: kwamba fulani alikatizwa mara nyingi zaidi, kwamba kipaza kilizimwa mapema. Jedwali la muda wa kila jibu, lililotiwa saini na watunza saa wote wawili, lipelekwe kwa kambi zote na kwa vyombo vya habari kabla ya saa 4 asubuhi ya siku inayofuata.